Mabua ya Pamba na Macho Mekundu: Kuyasoma Maisha ya Bariadi katika Magazeti ya Zamani

Mwanafunzi wa fasihi akiambiwa akatafute maisha ya kijijini, mguu wake humpeleka moja kwa moja kwenye rafu ya riwaya. Kwa Kanda ya Ziwa rafu hiyo si tupu. Ipo Gamba la Nyoka ya Kezilahabi (1979) kwa anayetaka kujua purukushani za vijiji vya Ujamaa. Ipo pia Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe miaka ya 1940 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa anayetaka ndoa, kilimo, pombe na magonjwa ya watu wa kale. Lakini tazama: waandishi wote wawili ni wa Ukerewe. Ukivuka maji ukaelekea kusini-mashariki mpaka Ntuzu, Itilima na Kanadi, nchi ambayo leo tunaiita Bariadi na Mkoa wa Simiyu, vitabu vinakuwa haba. Huko kuna watu wengi, ng'ombe wengi, pamba nyingi, na riwaya chache mno.

Kinachobaki ni magazeti. Nayo sisi watu wa fasihi tumezoea kuwaachia wanahistoria, eti gazeti ni habari tu, halina fani. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuyasoma magazeti hayo kwa jicho la mhakiki, na yana dai moja tu: maisha ya kila siku ya mwanakijiji wa Ntuzu hayapatikani katika ukurasa wowote mmoja wa gazeti. Yamo katikati ya kurasa, pale ambapo gazeti lenyewe halikuona sababu ya kuziunganisha.

Kwanza tuondoe kikwazo cha jina, maana wengi hukwama hapo hapo. Ukiingia chumba cha East Africana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukaanza kutafuta "Simiyu" katika gazeti la mwaka 1935, utaupata mto na basi. Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012, kwa kumega wilaya za Mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Shinyanga nayo imekuwa mkoa mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo yote ilikuwa Jimbo la Ziwa, na Bariadi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa. Kwa hiyo atafutaye Bariadi ya zamani atafute Maswa, atafute Ntuzu, atafute "Usukuma" kwa jumla, na mara nyingine "Mwanza", kwa sababu mhariri aliyekaa Dar es Salaam hakuwa na haja ya kupambanua sana. Hili si jambo dogo. Mahali ambapo gazeti halipapi jina lake ni mahali ambapo gazeti hilo linapatazama kwa mbali.

Gazeti la kuanzia ni Mambo Leo. Lilianzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni Januari 1923, likatoka kila mwezi, likaendelea mpaka 1963. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, nchi ya Maswa ikawa karibu zaidi na mtambo wa kuchapia uliokuwa Dar es Salaam. Baadaye yakaja mengine: Lumuli, gazeti la Kikatoliki la Mwanza ambalo jina lake ni la Kisukuma, Kiongozi la Tabora, la Wakatoliki pia, tangu 1950, na baada ya uhuru Uhuru la chama. Sitayapitia moja moja. Nataka tukae zaidi na Mambo Leo, maana ndilo lililoweka desturi ambazo mengine yaliziiga, hata yale yaliyompinga mkoloni.

Kilichomo ndani yake kinachotuhusu zaidi ni safu za habari kutoka mikoani, zile zilizoitwa Habari za Miji. Waandishi wake walikuwa wasomaji wenyewe: walimu, makarani wa boma, watumishi wa hospitali. Mtu alikaa chini na kalamu yake, akaeleza mambo ya kwao, akapeleka posta. Hapa ndipo penye utamu kwa mhakiki, kwani habari hizo zina umbo lake kama hadithi au shairi lilivyo na umbo lake. Tuchukue mfano wa kubuni, maana nataka tuone kiunzi tu. Mwalimu wa Maswa anaandika kwamba mvua imenyesha vizuri na mtama umestawi. Kwamba simba amekamata ng'ombe wawili. Kwamba Bwana Shauri amezuru baraza la mtemi na watu walifurahi sana. Kwamba fulani, karani, amehamishwa na tunamtakia safari njema.

Sasa tuisome kama tunavyosoma matini yoyote. "Watu walifurahi sana" si taarifa. Ni fomula, kama "hapo zamani za kale". Haituambii kama watu walifurahi, inatuambia kwamba mwandishi anajua sentensi gani inastahili kufuata ziara ya mkubwa. Karani amepewa jina, lakini mwenye ng'ombe hana jina, ingawa yeye ndiye aliyepata hasara. Halafu yupo "mwenyeji". Mwalimu huyu, ambaye pengine mama yake analima mtama kilomita tano kutoka shuleni, akishika kalamu anawaita ndugu zake "wenyeji wa huku". Kalamu imemhamisha. Katika usimulizi tunasema nafsi imejitenga na wahusika wake. Hapa imejitenga na ukoo.

Na lugha? Mama yule hasemi Kiswahili, au anakisema kidogo sana. Maneno yote ya nyumbani kwake, ya kuamkiana, ya kugombana, ya kumwita ng'ombe kwa rangi yake, yako kwa Kisukuma. Mambo Leo liliandikwa kwa Kiswahili, na kuanzia 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Kiswahili hicho kikawa kinazidi kusawazishwa kwa kipimo cha Kiunguja. Basi kila tukio la Ntuzu lililofika gazetini lilikuwa limekwisha vuka daraja mbili: limetafsiriwa na mwalimu, kisha likanyooshwa na mhariri. Tukilalamika kwamba habari za bara katika gazeti hilo hazina ladha ya bara, tukumbuke mwendo huo.

Jambo moja kutoka bara lilipewa nafasi kubwa kila mara: pamba. Kwa serikali, Usukuma ilikuwa pamba kwanza, watu baadaye. Kila msimu ulikuwa na mahubiri yake: panda mapema, palilia, chambua, usichanganye safi na fifi, na baada ya mavuno ng'oa mabua yote uyachome ili wadudu wasipate makazi mpaka msimu ujao. Ushauri huo ni wa kweli kitaalamu, na mpaka leo bwana shamba wa Bariadi atakuambia hivyo hivyo. Ila hebu tuutazame kama usemi. Nafsi inayosema ni mtaalamu asiye na jina. Anayeambiwa ni "mkulima", umoja, mwanamume kwa kudhaniwa, mwenye kosa moja la kudumu: uvivu au ujinga. Kitenzi ni cha kuamuru. Mkulima huyu hajibu kamwe. Katika kurasa hizo hakuna dayalojia, kuna hotuba.

Wakati huo huo mkulima alikuwa na mengi ya kujibu, hasa juu ya mizani. Malalamiko kwamba wanunuzi walikuwa wakiwapunja watu uzito yalikuwa ya muda mrefu, na ndiyo yaliyozaa chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952 chini ya Paul Bomani, kikaweka wapimaji wake wenyewe. Mwaka 1955 likafuata shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation, ambalo ndani ya miaka michache lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Miaka hiyo hiyo ulikuwapo mpango wa kuendeleza Usukuma ulioanza 1947, wenye amri zake za kupunguza mifugo na kulima kwa taratibu zilizowekwa, na TANU ilipigwa marufuku katika jimbo kuanzia 1954 hadi 1958. Hapo gazeti la serikali na maisha ya watu yalikwenda njia mbili. Msomaji wa leo asiyejua hayo atadhani miaka ya 1950 Usukumani ilikuwa miaka ya marobota na maonyesho ya kilimo tu.

Je, mkulima alijibu wapi? Nadhani swali hili ndilo linalotuhusu sisi zaidi kuliko mwanahistoria. Alijibu katika mbina, yaani ngoma. Wasukuma wana makundi mawili makubwa ya ngoma, Bagika na Bagalu, ambayo kila mwaka baada ya mavuno, Juni na Julai, hushindana hadharani. Nao wana nyimbo za wigashe, za kuimba watu wamekaa, nyimbo za kulimia, za wawindaji wa nungunungu, za wacheza na nyoka. Nyimbo hizo hazikuwa za mapenzi na mizimu peke yake. Ziliimba bei, kodi, wakubwa, safari, mapigano na umbeya wa mtaa. Frank Gunderson, Mmarekani mwana-muziki, amezikusanya nyingi za kazi katika kitabu kikubwa kilichotoka 2010, na akionacho mtu humo ni kwamba Msukuma alikuwa na gazeti lake, lenye matoleo, lenye wasomaji (tuseme wasikilizaji) na lenye mashindano ya kibiashara pia, maana manju aliyezidiwa habari alizidiwa watu uwanjani.

Sasa tazama kilichotokea magazeti haya mawili yalipokutana. Mambo Leo lilikuwa na ukurasa wa mashairi, na ukurasa huo umeheshimika katika historia ya ushairi wetu kwa haki. Lakini mlango wake ulikuwa wa vina na mizani. Wimbo wa Kintuzu hauna vina vya kati na vya mwisho. Una mwito na mwitikio, una kurudia, una kupanda na kushuka kwa sauti. Hata ukitafsiriwa neno kwa neno, kwa kipimo cha ukurasa ule ni maneno ya ovyo. Neno letu lenyewe linachekesha hapa: mkulima wa Maswa alikuwa akipunjwa na mizani mbili, ya pamba na ya shairi. Ngoma yake ikitajwa katika habari, inatajwa kama tukio: ilichezwa, watu walikuwa wengi, ilikwisha salama. Kilichoimbwa hakisemwi. Ni sawa na mtu akuambie jana palisomwa gazeti, likakunjwa.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, ila si kama tunavyopenda kuamini. Watemi waliondolewa 1963, ushirika ukapanuka, na kisomo kikafika vijijini. Mikoa ya ziwa ndiyo iliyokuwa uwanja wa mradi wa UNESCO wa kisomo cha kazi ulioanza 1968, na kutokana na juhudi hizo mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wazima waliokwisha kujua kusoma. Mimi naliona gazeti hili kuwa ndilo lililomkaribia zaidi mwanakijiji, maana lilimwandikia yeye na si karani wake. Hata hivyo sauti yake ni ile ile ya ukurasa wa pamba. Chemsha maji, chimba choo, panda kwa mstari. Bwana shamba ameondoka Mwingereza akaja Mtanzania, na kitenzi kimebaki cha kuamuru. Haikuwa dhambi, nchi ilikuwa na kazi ya kufanya. Lakini kifani hakuna mapinduzi hapo.

Mwaka huo huo wa 1974 watu wa Shinyanga walikuwa wakihamishiwa vijijini. Msukuma wa Ntuzu hakuzoea kukaa nyumba kwa nyumba. Mji wake ulikaa peke yake, umezungukwa na mashamba na malisho, na kuuhama kulikuwa kuhama zizi, makaburi na miti aliyoipanda baba. Gazeti la chama lilikuwa na kazi ya kuieleza operesheni hiyo kama ushindi, na liliifanya. Hapo msamiati wa kutazama ni "wananchi wameitikia". Jamani, kitenzi kuitikia ni cha mbina! Katika ngoma mwitikiaji ana uhuru wa kukataa wimbo ukaanguka. Gazeti limeliazima neno, limeuacha uhuru wake nyuma.

Nimeyaacha makusudi mambo ya kurasa za makosa, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Kuanzia miaka ya 1970 na zaidi katika miaka ya 1980 na 1990, jina la Usukuma liliingia magazetini kwa mlango mwingine: mauaji ya vikongwe. Simeon Mesaki, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. 2,286 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani. Magazeti ya watu binafsi yalipofumuka miaka ya 1990, habari hizo zikawa chakula chao. Fani yake ilikuwa fupi: ajuza, panga, usiku, watu wasiojulikana, na macho mekundu.

Macho mekundu ndiyo sifa iliyorudiwa mpaka ikawa jazanda. Katika madarasa yetu tunamwita mhusika wa namna hiyo mhusika bapa: ana alama moja, na alama hiyo ndiyo hatima yake. Mwanamke aliyezaa, aliyelima, aliyekausha michembe na matobolwa kwa ajili ya miezi ya njaa, aliyeimba pengine katika Bagika, amepunguzwa akawa jozi ya macho. Gazeti lilipotaka kuwa la kisasa liliongeza sentensi moja ya mtaalamu: macho hayo ni mekundu kwa ajili ya moshi. Kisha likafunga habari.

Ngoja kwanza. Moshi wa nini? Hapa ndipo turudi nyuma kurasa hamsini. Usukumani kuni ni shida kwa sababu nchi ilifyekwa miti, kwa mashamba ya pamba na kwa amri za kufukuza mbung'o, na kufyeka mbung'o kulisifiwa kama maendeleo. Miti ikiisha mwanamke anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na anapikia mabua ya pamba. Mabua yale yale! Bwana shamba anasema katika ukurasa wa kilimo: yang'oe, yachome shambani. Mke wa mkulima anayabeba kichwani mpaka jikoni, kwa sababu kwake si takataka, ni kuni za wiki. Anayachoma kweli, ila ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka 40, mpaka macho yake yanakuwa kama yalivyo. Halafu anaingia ukurasa wa makosa.

Ukurasa wa mbung'o, ukurasa wa pamba na ukurasa wa mauaji. Hakuna mwandishi aliyedanganya katika mmojawapo. Kila habari ni sahihi peke yake, na mwanamke huyu hayumo katika hata moja isipokuwa akiwa maiti. Ukiziweka kurasa pamoja ndipo unapomwona anatoka shambani jioni na mzigo wake. Sisemi kwamba mabua ndiyo yaliyomwua. Waliomwua walikuwa na mapanga, na nyuma yao palikuwa na ugomvi wa ardhi, urithi, maradhi ya watoto na waganga wenye tamaa. Nasema kwamba alama iliyotumika kumtambua ilitokana na kazi yake ya kila siku, na kazi hiyo gazeti halikuiona kuwa habari.

Najua pingamizi litakalokuja, na nimeshalisikia likisemwa kwa sauti kubwa Nkrumah Hall: kwamba huku ni kuyatwika magazeti mzigo usio wao, na kwamba mhakiki anayesoma kisichoandikwa atasoma lolote apendalo. Pingamizi hili lina haki nusu. Kuna hatari ya kubuni. Ndiyo maana nimesema kinachounganisha kurasa lazima kiwe kitu, siyo hisia: bua, mizani, kitenzi, macho. Kitu hicho kiwe kimechapwa katika kila ukurasa au kiwe kinajulikana kwa hakika katika maisha ya mahali. Mkiwa na kitu, mna uzi. Bila kitu mna mahubiri tu. Na wale wanaopenda kusema fasihi ni kioo cha jamii, basi wakubali kwamba kioo kikipasuka vipande vitatu, mtu anayejitazama humo ataona jicho hapa, mkono pale.

Kwa atakayependa kuifanya kazi hii, ningemshauri aanze na miaka ya 1952 hadi 1958, kwa sababu pale gazeti la serikali na nyimbo za ushirika zilikuwa zikizungumza habari moja kwa msimamo tofauti. Asome ukurasa wa pamba wa mwezi wa Juni, kisha apande basi mpaka Bariadi awatafute manju wa zamani, awaulize Juni ile waliimba nini. Aende na kinasa sauti, na aende na mtu anayekijua Kisukuma cha Kintuzu vizuri, maana cha mjini Mwanza hakitamfikisha mbali. Likizo yetu ndefu bahati nzuri huangukia majira ya mbina. Ila asikawie. Aliyekuwa na miaka 20 marufuku ya TANU ilipoondolewa, sasa amevuka 85.